Kwa Nini Nilikushika Sketi Mbele ya Abuna

Poni mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda kuwaaga wenzako wa kwaya, na hukusimama mlangoni kama kawaida yako. Umepita tu. Nimeuona mgongo wako ukikata kona pale kwa fundi wa pikipiki, nikasema moyoni, huyu mtoto ana haki. Jua bado liko juu ya mlima wa Jebel. Nina saa mbili, labda tatu, kabla hujarudi, na mkono wangu unaujua: herufi kubwa kubwa kama za mtoto wa darasa la pili, na mistari inapanda mlima. Utavumilia. Kiswahili ndicho nilichofundishwa kuandika, kule Kakuma kambini, na katekista mmoja aliyekuwa na chaki na kipande cha bati. Kibari changu ni cha kuongea, Kiarabu cha Juba ni cha sokoni, na Kiingereza ni chako wewe.

Mambo ya chandarua, ya dawa, ya kutokula vyakula vya barabarani, nimeshakwambia mpaka umekuwa ukiniigiza mbele ya majirani na wao wanacheka. Hayo siyaandiki. Nataka kukwambia kwa nini leo asubuhi nilikushika sketi.

Ile desturi yetu umeikuta ulipozaliwa, kwa hiyo hujui kwamba si kila parokia inayo. Misa ya Kiswahili ikikaribia kwisha, baada ya matangazo, Abuna, padri wetu, anasema wanaosafiri wiki hii waje mbele. Wanapanga mstari. Katekista anawapelekea kipaza sauti, kila mmoja anataja jina lake, anakwenda wapi, anaondoka siku gani na gari gani. Halafu kanisa zima tunanyoosha mikono, Abuna anawanyunyizia maji, na akina mama wa nyuma wanapiga vigelegele. Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukiniuliza, mama, sisi tutasafiri lini na sisi tunyunyiziwe? Nikakwambia utasafiri siku moja.

Leo ulivaa blauzi nyeupe. Niliona ulivyoipiga pasi jana, ukiigeuza mara tatu. Abuna alipoita, uliinuka hata kabla hajamaliza, na mimi nikaishika sketi yako kwa chini, hapa penye pindo. Ulidhani imenasa kwenye msumari wa benchi. Ukainama kuinasua, ukaviona vidole vyangu.

Ukasema polepole, "Mama, achia."

Sikuachia. Ukakaa. Wakaenda wale wengine watatu, dereva wa lori, mke wa mwalimu, na yule mama wa Kiganda anayeuza nguo, wakasema majina yao na safari zao, tukanyoosha mikono. Wewe mikono yako uliiweka mapajani. Tulipotoka nje ukaniambia neno moja tu, kwamba hata siku ya mwisho bado nakuonea aibu. Halafu ukatembea mbele yangu, na mimi nikarudi sakristia kufanya kazi yangu ya vitambaa.

Aibu, Poni? Ningekuwa na aibu na wewe, ningekaa nawe benchi la tatu kutoka mbele miaka yote hii? Si aibu. Ni hofu, na hofu yangu ina jina lake, na leo nakupa.

Unamkumbuka Wani. Sema unamkumbuka kidogo, ulikuwa na miaka tisa alipopotea. Yule kijana wa Mama Wani aliyekuwa anapiga ngoma kwaya, mrefu, akicheka unaona ufizi wote. Alikuwa anakupandisha juu ya ngoma kubwa baada ya misa na kukuambia kaa hapo, wewe ni askofu. Kwako wewe Mama Wani ni mama wa ubatizo, na kwangu mimi ni dada ambaye sikuzaliwa naye. Kazi ya kufua vitambaa vya altare tulipewa pamoja, mimi na yeye, tangu tulipohamia parokia hii. Unajua jinsi inavyofanyika. Jumapili baada ya misa ya mwisho tunakusanya vile vitambaa vinavyopangusia kikombe, tunaviloweka kwenye beseni jeupe ambalo halifui kitu kingine, na yale maji ya kwanza hatuyamwagi hovyo. Tunayamimina polepole nyuma ya sakristia, pale penye udongo safi ukutani ambapo hakuna anayekanyaga, kwa sababu huenda chembe ya Mwili wa Bwana imebaki. Ndipo sabuni inaingia. Kazi hiyo inataka wawili, na wawili wakiinamia beseni moja kila Jumapili, hakuna neno linalobaki tumboni.

Ule mwaka vita viliporudi hapa mjini, wenye bunduki walikuwa wanaokota vijana barabarani. Wani waliokotwa. Alikaa huko wiki nyingi, kisha akatoroka, akafika kwa mama yake amekonda mpaka masikio yamekuwa makubwa. Mama Wani hakumlaza nyumbani hata siku moja. Alimpeleka Nesitu, huko barabara ya Nimule, kwa shangazi wa kijana aliyekuwa anauzia chai madereva wa malori, wakamficha kwenye chumba cha nyuma ya duka, kati ya magunia. Hakuna aliyejua. Mimi tu. Aliniambia juu ya beseni, mikono yake ikiwa ndani ya maji, na hakusema usimwambie mtu. Hakuona sababu ya kuniambia hivyo.

Sasa nikwambie kitu juu yangu ambacho huenda umekisahau, kwa sababu ulikuwa mdogo nilipokiacha. Zamani mimi nilikuwa mtu wa kusali kwa sauti. Sikusoma, sikuwa na cheo, mume nilishamzika, chai ninayouza pale sokoni ni chai kama ya mwanamke mwingine yeyote. Lakini kwenye jumuiya, Jumamosi saa kumi, tukikaa kila mtu na kibenchi chake alichokuja nacho kichwani, na Injili ikishasomwa, ikifika zamu ya kila mtu kuomba la moyoni mwake, hapo nilikuwa mtu. Mungu alinipa ulimi. Wanawake walikuwa wanafuta machozi kwa pindo la lawa walizojifunga begani. Mama Wani alikuwa anawatania, anasema Mama Poni akianza kusali bandikeni maharage, akisema amina yatakuwa yameiva. Wanacheka, lakini wananisubiri. Na mimi nilikuwa naipenda ile hali ya kusubiriwa. Nilikuwa naitayarisha sala yangu nikiwa nachochea makaa sokoni.

Jumamosi ile jumuiya ilikuwa kwa mama mmoja ambaye ua wake wa matete uko barabarani kabisa, watu wanapita huko nje unasikia viatu vyao. Mama Wani hakuwepo. Alikuwa ameenda Nesitu na chakula, akaaga kwamba anamtazama mgonjwa. Aliyeomba kabla yangu alikuwa mwanamke mgeni, amerudi kutoka Uganda mwezi ule. Poni, huyo mwanamke alisali. Alisali mpaka mwanamume mmoja akapiga magoti. Nami nilipomsikiliza sikusema asante Mungu. Nilisema moyoni, leo nitampita.

Nikasimama. Nikaanza na waliokufa, watu wakanyamaza tu. Nikaenda kwa yatima, wakaguna kidogo. Nikaona sijampita. Ndipo nikatafuta kile kilichokuwa kikubwa kuliko vyote ndani yangu, nikakitoa. Maneno yangu ninayajua mpaka leo, sikuongeza wala kupunguza. Nilisema, "Bwana, mtazame ndugu yetu Wani, aliyejificha Nesitu kwa shangazi yake kati ya magunia kama panya. Wafumbe macho wanaomtafuta. Tumwombe Bwana."

Na wote wakaitikia, "Ee Bwana, utusikie."

Mwanamke mmoja alilia kwa sauti. Baadaye, tukibeba vibenchi vyetu, yule mgeni mwenyewe akanishika bega na kuniambia kwamba leo nimewavunja. Nilirudi nyumbani nimejaa, hata njaa sikusikia. Nilikuwa nakata kitunguu ndipo nikakisikia nilichokisema. Nikakaa chini. Nikajiambia, wale ni watu wa sala, ni watu wetu, tumekula nao mwili mmoja. Nikaendelea kukata.

Jumanne walifika Nesitu. Shangazi mtu ndiye aliyesimulia. Alisema gari lilisimama, wakashuka, na hawakuuliza. Hawakuuliza nyumba, hawakuuliza jina, hawakuingia duka la kwanza wala la pili. Walikwenda moja kwa moja chumba cha nyuma, wakahamisha gunia. Tangu hapo hakuna aliyemwona Wani, wala aliyeliona kaburi.

Hilo neno, hawakuuliza, nimelala nalo miaka tisa.

Nani alisema? Sijui. Kwenye ule ua tulikuwa watu ishirini na kitu, na nje kulikuwa na barabara. Huenda ni aliyekuwa na ndugu yake jeshini. Huenda ni mtu aliyerudi nyumbani akamwambia mumewe kwa huruma tu, maskini yule kijana, na mume akamwambia mwingine kwa huruma. Huenda hakuna hata mmoja wetu, ni dereva aliyekuwa akinywa chai akamwona akitoka kwenda chooni. Nimekaa misani nikizitazama shingo za watu mbele yangu, hii moja moja, nikijiuliza ni hii? Nimemshuku hata mzee anayebeba msalaba. Nimemshuku yule aliyelia. Hii ni dhambi ya pili, na inatoka ndani ya ile ya kwanza, na haiishi.

Jumapili ile baada ya Jumanne, Mama Wani alikuja misani. Macho yamevimba. Alikaa kando yangu kama siku zote. Ilipofika kupeana amani, akanigeukia akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akasema amani ya Kristo, dada. Nami nikamjibu. Tangu hapo kila Jumapili, Poni. Kila Jumapili nimempa amani mwanamke yule kwa mkono huu ninaoandikia. Mara moja tu sikuweza, niliposhikwa na malaria, na nitakwambia ukweli, niliifurahia ile malaria.

Nilikwenda kuungama, usidhani sikwenda. Abuna wa wakati ule, ambaye amehamishwa, alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniambia nisali Rozari, na siku nikipata nguvu nimwambie Mama Wani mwenyewe. Rozari nilisali.

Na mwezi wa marehemu ndio mbaya kuliko yote. Unajua tunavyoandika majina ya wafu wetu kwenye karatasi, zinawekwa kwenye kikapu mbele ya altare, zinakaa hapo Novemba nzima zikiombewa. Mama Wani hajui kuandika. Mimi ndiye ninayemwandikia. Anakaa na kibenchi chake hapa hapa uani kwetu, ananitajia: mama yake, baba yake, mume wake, mtoto wake wa kwanza aliyefia njiani wakati wa kukimbia. Mimi ninabaki na kalamu juu ya karatasi. Naye anaangalia mlima huko, anasema, "Wani bado." Nami nakunja karatasi. Mwaka wa kwanza, wa pili, mpaka mwaka jana. Kila mwaka ninaogopa kwamba atalitaja, na kila mwaka ninaogopa kwamba hatalitaja.

Nikaacha kusali kwa sauti. Jumuiya ikifika zamu yangu nasema Baba Yetu, nakaa. Unajua walifanya nini? Walisema Mama Poni amekuwa mnyenyekevu, amekua kiroho, wakanichagua makamu mwenyekiti. Nilitaka kucheka na sikuweza.

Lakini hayo ni yangu. Sasa ya kwako, kwa maana wewe ndiye uliyelipia bila kujua. Tangu siku ile nilikufunga kama kitu kilichoibwa. Ulipougua homa ile kali, katekista alipouliza mbona Poni haonekani, nilisema ana mafua kidogo. Hawakukuombea, kwa sababu sikuwaambia. Mwaka wa kipaimara, majina yalipobandikwa mlangoni mwa kanisa, nilimwendea katibu nikamsihi lako aliweke mwisho kabisa, chini, ambapo karatasi inajikunja. Uliniuliza kwa nini wewe ni wa mwisho wakati ulijibu maswali vizuri kuliko wote. Nilikwambia wamekosea. Ulipokwenda hija na vijana wenzako nilikupeleka siku moja baada ya wao, peke yako, ili mtu asijue uko gari gani. Kila mahali ambapo watu walitaka kukujua, niliweka kitambaa. Nami nikadhani ninakulinda. Kumbe mtoto anayefunikwa kila siku hajui kama anafunikwa kwa sababu ni dhahabu au kwa sababu ni uchafu. Hakuna aliyemwambia. Leo ndiyo nimesikia kutoka kinywani mwako jibu ulilojipa mwenyewe, na limenichoma.

Na leo Abuna alipoita, nilisikia yote kwa wakati mmoja. Poni, anakwenda Gulu, Uganda, shule ya uuguzi, anaondoka kesho, gari fulani, barabara ya Nimule. Nilisikia watu wakiitikia. Nikasikia huko nje viatu vinapita. Mkono ulikwenda wenyewe.

Wewe hukuona, ulikuwa unatazama mapaja yako. Lakini Mama Wani alikuwa upande wangu wa pili, na aliuona mkono wangu. Aliutazama muda mrefu.

Baadaye tukiwa nyuma ya sakristia, mimi na yeye na beseni, akaanza na utani wake. Alisema mtoto nimemshika kama mbuzi wa sokoni asiyetaka kuuzwa. Nikacheka kicheko kibaya. Akaendelea kumimina maji ya kwanza pale ukutani, taratibu, kisha akaniuliza bila kunitazama, "Unamficha nani, Mama Poni?"

Nikamwambia.

Sikupanga. Nilikuwa nimechuchumaa na kitambaa mkononi, nikamwambia yote, ua wa matete, yule mgeni aliyesali vizuri, wivu wangu. Sikuacha wivu nje, ingawa ndio ulionitia aibu kuliko kitu chochote. Nilipofika kwenye sala nilisema tu kwamba niliomba nikataja Nesitu. Akaniambia, "Hapana. Sema ulivyosema."

Nikaisema sala ile. Kwa sauti. Miaka tisa sijasali kwa sauti, na ya kwanza ikawa ile ile, mbele yake. Nilipofika kwenye magunia alifumba macho.

Akauliza, "Wakaitikia?"

Nikamwambia waliitikia.

"Wote?"

Wote, nikamwambia.

Alitia sabuni. Alifua kile kitambaa, akakifua tena, akakisuuza, akakikamua mpaka nikadhani kitachanika. Akachukua cha pili. Hakuiacha kazi katikati, Poni, alifua vyote, saba, na mimi nikisuuza kwa sababu sikujua nifanye nini na mikono yangu. Tulivianika kwenye kamba. Wewe ulikuwa umeshafika nyumbani wakati huo, labda ulikuwa unafunga begi na kunichukia. Alipobana kibanio cha mwisho akaniuliza kwa nini nimemwambia leo, si mwaka ule, si mwaka wowote mwingine. Nikamjibu, kwa sababu wangu anapita Nesitu.

Ndipo akanitazama. Sijui kuandika alivyonitazama. Akasema, "Anapita lini?"

Mwanangu, nilisikia mdomo wangu ukijifunga. Ulijifunga wenyewe kama mlango wa duka usikiapo risasi. Mbele yangu alikuwa yule yule mwanamke aliyekushika kwenye maji ya ubatizo, aliyekulisha uji nilipokuwa nimelazwa, na bado kulikuwa na sauti ndani yangu inasema, mdanganye, mwambie Alhamisi. Ndipo nikaona kitu ambacho ningekiona zamani. Yeye aliwahi kusimama hapa hapa, mikono ndani ya maji haya haya, na yeye alikuwa na mtoto mmoja wa kuficha, na aliniambia mimi.

Nikamwambia. Kesho, Jumatatu, saa kumi na moja alfajiri. Basi jeupe lenye mstari wa kijani, la pale kituo cha Nimule. Kiti cha dirishani, upande wa dereva, safu ya nne. Nikamwambia hata blauzi utakayovaa. Nilimpa yote.

Akachukua beseni, akalifuta, akaliweka mahali pake. Akachukua viatu vyake. Akaondoka kwa njia ya nyuma, si ile tunayopita pamoja. Hakusema amenisamehe. Hakusema hajanisamehe. Kwa hiyo sasa duniani nje ya nyumba hii yuko mtu mmoja anayejua saa yako, na ni mtu ambaye mimi nilimwaga siri yake ili nisifiwe.

Sikwambii haya ili unihurumie. Ukirudi kutoka kwaya ukawa na hasira, hiyo hasira ni yako na utaondoka nayo, nitakufungia pamoja na nguo. Nilitaka tu usiende Gulu ukiamini kwamba mama yako alikuwa na aibu.

Huko utapata parokia. Sikwambii nenda misa, najua utakwenda, miguu yako imezoea. Nakwambia tu nilichokiona mimi. Kutakuwa na watu watakaokupa mambo yao, kwa sababu una uso wa kupewa. Mtu akikupa jambo lake, mwombee, lakini mwombee na mdomo ukiwa umefungwa, Mungu hahitaji kuelekezwa nyumba. Na ukijisikia unaomba vizuri kuliko mwenzako, kaa chini. Hilo la kwanza nilijifunza kwa bei ya mtoto wa mwenzangu. La pili sijajifunza bado, ninalijua tu: usiwe kama nilivyokuwa baada ya hapo. Nilidhani dawa ya kusema ovyo ni kutosema kabisa. Nikakaa ndani ya kanisa lililojaa watu miaka tisa bila mtu hata mmoja anayejua ninaumwa wapi. Wale watu wengi wao walikuwa wanasema utusikie kwa moyo wao wote. Wengi wao. Nimewanyima wote kwa sababu ya mmoja nisiyemjua, na huenda hayupo. Wanaweza kukuumiza, ndiyo. Sitakudanganya kwamba hawawezi. Lakini mtu akikuuliza unaitwa nani na umetoka wapi, mjibu.

Gari likisimama Nesitu, wanasimama pale muda mfupi, utawaona wanawake wa chai na malori yamepangwa. Duka la yule shangazi lilishafungwa, hutalijua, wala usiulize. Kaa tu kwenye kiti chako na ulitaje jina la Wani moyoni mwako mara moja. Alikuwa anakupenda.

Kesho alfajiri mimi nitakusindikiza mpaka mlango wa basi. Tukimkuta Mama Wani pale kituoni, mwendee yeye kwanza kabla yangu, piga goti umpe mikono miwili, na akitaka kukuwekea mkono kichwani mbele ya watu wote, simama ubarikiwe, mimi nitakaa mbali. Akiwa hakuja, usigeuze geuze shingo kumtafuta. Panda, kaa, funga dirisha mpaka mtoke mjini.

Naogopa, Poni. Naogopa ile barabara kila kona yake mpaka mpakani. Naogopa Mama Wani asipokuja, na akija naogopa zaidi, kwa sababu itabidi nimtazame akiwa na mtoto wangu mikononi. Lakini ile saa nimeitaja kwa mdomo wangu mwenyewe, siwezi kuirudisha, na nimekaa hapa tangu mchana nikijiuliza kama nataka kuirudisha, na sitaki.

Ni mimi mama yako, hapa Jebel, Jumapili, nakusikia unakuja.